"Helmeti ya trafiki": bodaboda na abiria wa Mwanza, tuelewane

Wiki hizi malalamiko yamezidi, abiria wanasema bodaboda wanakimbiza hovyo, bodaboda nao wanasema wanaonewa, basi tuongee taratibu.

Juzi nilisimama kijiweni Buzuruga. Helmeti ya abiria nimeiona kwenye pikipiki nne tu, moja nikaishika, kifungo kimekatika kimefungwa na kipande cha tyubu. Nikamuuliza kijana, akacheka: "Hiyo ya trafiki, bosi." Eti ya trafiki, yaani ya kumwonyesha askari tu! Helmeti nzuri iliyofungwa kidevuni inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali kwa karibu asilimia 40, ila isipofungwa inaruka yenyewe kabla hujafika chini, kichwa kinabaki na lami.

Kuhusu faini. Mwaka 2021 ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000, na ni kwa kosa. Kwa kosa, jamani. Umepiga mishkaki (abiria zaidi ya mmoja), huna helmeti, leseni huna, hayo ni makosa matatu, usianze kelele kwamba unajua faini ni elfu kumi. Unaandikiwa, unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, askari hashiki hela yako mkononi, na usikae nayo maana deni linapanda.

Leseni ndo watu wanachanganya kila siku. Ya udereva ni daraja A, unasoma chuo kinachotambulika, polisi wanakutahini, TRA, watu wa mapato, wanakutolea. Ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni ya biashara, inakwenda na chombo, ndo maana pikipiki ya namba ya njano ikibeba abiria kwa hela ni kosa hata kama dereva yuko safi, ya biashara ni nyeupe. Na wewe mwenye pikipiki unayedai hesabu kila jioni, bima imeisha lini?

Kuna wanaotaka bodaboda waondolewe mjini kabisa. Hilo lina wakubwa wa kuliamua, ila mimi huwa nauliza mgonjwa wa kule juu Bugarika, mawe matupu, daladala haipandi, atafikaje hospitali ya Bugando?

Abiria nao. Helmeti inaharibu nywele? Funga kitambaa ndani. Mtoto wa chini ya miaka 9 hapakizwi, hakuna cha "ni hapo tu shuleni". Asubuhi Igoma mama anampandisha wa tatu kwenye tanki, anampungia mkono, saa nne anapiga simu kulalamika mbona hawa bodaboda hawadhibitiwi.