Kaliba ndogo, ukiitazama kutoka upande wa ndani wa ngozi

Nilimtumia shemeji yangu wa Kigoma picha ya bunduki ya jirani yangu, mzee mwenye mbwa watatu wa kuwindia rakuni. Akanipigia papo hapo. "Shemeji, hako si ka kupigia njiwa? Na ulisema huko mnawinda!" Ilikuwa .22 Long Rifle, ambayo risasi yake nzima, pamoja na ganda, ina urefu wa milimita 25 tu. Nilianza kumjibu, nikaona jibu litamaliza salio lake lote. Ndiyo maana naliandika hapa.

Kazi yangu ni kuchuna. Naishi mashambani Kentucky, na kila majira ya baridi wawindaji huniletea rakuni, mbweha na koyote (mnyama wa Amerika wa jamii ya mbwa mwitu) niwachune, nikwangue mafuta, niwambe ngozi. Bunduki, basi, naijua kwa kinyumenyume: sioni risasi inapotoka mtutuni, naona ilikopita.

Kwa asiyemjua, rakuni ni mnyama wa Amerika mwenye ukubwa unaokaribia wa fungo, uso kama aliyevaa kinyago cheusi, mkia wenye pete. Wengi wana kilo 4 hadi 9, na dume aliyeshiba mahindi ya watu huzidi hapo. Hutembea usiku. Mbwa hufuata harufu yake kwa mlio mrefu wa kuvuta, na wakishampandisha mtini mlio unageuka kuwa mbweko mfupi wa mfululizo. Mzee wangu akiusikia huo anamaliza kahawa yake bila haraka, maana rakuni haendi popote. Anafika chini ya mti, anamulika kwa kurunzi, macho mawili yanawaka kule juu. Kutoka mtutuni hadi kwenye macho hayo ni mita 10, labda 20. Umbali huo mdogo ndio unaoipa .22 kazi.

Watu hudhani kaliba ni kipimo cha nguvu. Kaliba ni upana wa risasi (hiyo .22 ni sehemu ya inchi), basi. Kichwa cha risasi ya .22 Long Rifle kina upana wa milimita 5.7 hivi. Cha .223 Remington, inayotumika kupigia koyote, ni hizohizo 5.7. Ukiviweka mezani bila maganda, tofauti utaiona kwenye urefu na umbo. Lakini cha kwanza kina gramu 2.6 na hutoka kwa mita 370 hivi kwa sekunde, yaani nishati ya kama juli 175. Cha pili kina gramu 3.6 na hukaribia mita 990 kwa sekunde: juli zaidi ya 1,700. Mara kumi! Kwa hiyo mtu akiniambia "nilimpiga kwa ishirini na mbili," namuuliza ipi.

Juli 175 zinamtosha rakuni? Kichwani, zinatosha na kubaki. Ubongo wake ni kama ndimu ndogo, na .22 ya kawaida kwa mita 15 inaupita fuvu lake bila shida. Anaanguka akiwa ameshakufa, mbwa hawaumwi, na ngozi haina tundu pale inapouzwa, kwa sababu thamani iko mgongoni na ubavuni, si usoni. Mwilini ni habari nyingine. Vuli rakuni hujaza mafuta hadi yakafika theluthi ya uzito wake, na ana roho ngumu. Akipigwa mbavuni kwa .22 mara nyingi hafi hapo hapo: anaingia kwenye pango la mti akafie humo, au anaanguka akiwa hai katikati ya mbwa, na masikio ya mbwa ndiyo yanayolipa.

Desemba iliyopita nililetewa mmoja wa namna hiyo. Kwa nje manyoya yalifunika kila kitu, mwenyewe akaniapia hana tundu. Nilipogeuza ngozi nikaliona, dogo kama punje ya mtama, nyama inayolizunguka imevilia damu nyeusi. Sasa, ngozi ikiwambwa inavutika, na tundu linavutika nayo. Kufika asubuhi ilikuwa ukubwa wa sarafu. Nililishona kabla halijakauka, lakini mnunuzi ana vidole, na vidole havidanganywi.

Kiswahili kinatutega kidogo hapa, maana risasi ni kile kinachoruka na risasi pia ni ile metali nzito, laini, inayotumika kukitengeneza. Kwa rakuni wa mtini napenda risasi ya risasi tupu, kichwa mviringo, ya mwendo ulio chini ya kasi ya sauti. Ile yenye shimo mbele hupanuka ikigonga, nzuri kwa sungura, lakini ikikosea kichwa ikaingia shingoni inaniongezea kazi ya sindano.

Makosa mengi ninayoyaona hayatokani na udogo wa risasi hata hivyo. Yanatokana na darubini. Darubini imekaa kama sentimita 4 juu ya mtutu, na wengi huisawazisha kwa mita 50, yaani kwa umbali huo risasi igonge pale pale jicho linapolenga. Kwa mita 10 risasi bado haijapanda kufikia mstari wa jicho. Inagonga chini kwa sentimita moja na nusu hivi. Kwenye ndimu, hiyo ni tofauti ya ubongo na taya. Isawazishe kwa umbali unaopigia, basi, au ujue kulenga juu kidogo.

Zile mbili zilizo kati ya .22 Long Rifle na .223 watu huziuliza sana. .22 Magnum ya Winchester, ya 1959, ina juli zaidi ya 400 na inamfaa mbweha wa mita 80 au rakuni aliye chini, mbali na mti. .17 HMR ya Hornady, ya 2002, hutupa kichwa chepesi cha gramu 1.1 kwa mita 775 kwa sekunde. Inalenga kama sindano, ila upepo unaisukuma, na ikigonga mfupa wa bega inapasuka juujuu. Mimi siipendi. Nakiri huenda ni kwa sababu naletewa zile zilizokosea tu.

Koyote usimguse kwa .22 Long Rifle, ni kumjeruhi. Hapo .223 ndiyo yenyewe, ila kwa risasi yenye kichwa laini tundu la kuingilia halionekani na la kutokea linapitisha ngumi.

Kitu kimoja kuhusu kupiga juu. Pakiti za .22 zimeandikwa kwamba risasi inaweza kuruka kilomita 2.4. Ukimkosa rakuni aliyesimama kwenye tawi jembamba, nyuma yake ni mbingu, na chini ya mbingu hiyo kuna nyumba za watu. Mzee wangu huzunguka mti mpaka shina liwe nyuma ya kichwa cha mnyama. Asipolipata shina, anawafunga mbwa kamba wanakwenda zao.

Na kwa ndugu zetu waliokuja huku kwa viza za muda, kama za masomo: sheria ya Marekani kwa kawaida haikuruhusu hata kushika bunduki usipokuwa na leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine wa kisheria. Usiazime ya rafiki ukadhani ni sawa.

Nimesema kichwa, kichwa, kichwa. Kuna rakuni mmoja ambaye hapigwi kichwani: yule wa mchana anayepepesuka, asiyeogopa watu, au aliyemng'ata mbwa au mtoto. Kichaa cha mbwa hupimwa kwenye ubongo. Jirani mwingine alimpiga wa namna hiyo katikati ya macho, shabaha safi kabisa, baada ya kupigana na mbwa wake ambaye hakuwa amechanjwa. Akaniletea niangalie. Nilivaa glavu mbili nikafungua mfuko, nikaona hakuna kilichobaki cha kupelekwa maabara. Mbwa akafungiwa miezi minne, chakula anasukumiwa kwa koleo, na watoto wanamwangalia kupitia dirisha la jikoni.