Gesi ikivuja usiwashe feni

Tangu kampeni ya nishati safi ya kupikia ishike kasi, huku Dar mitungi ya kilo 6 imeingia mpaka vyumba vya kupanga, jambo jema kabisa, ila kwa maswali tunayoulizwa ni wazi wengi hawajui gesi ikitoka inaelekea wapi. Mtu anakwambia "nilifungua kidirisha cha juu, nikajua imeshatoka". Jamani! Gesi ya mtungi ni propani na butani, zote nzito kuliko hewa, butani ni kama mara mbili, kwa hiyo inashuka sakafuni, inapita chini ya mlango, inaingia kwa jirani ambaye hata hajui kama una mtungi.

Ila haikai chini tu. Molekuli za gesi zimeachana na zinakimbia mamia ya mita kwa sekunde, zinagongana na za hewa zinageuzwa njia kila mara, ndio maana harufu haikufikii papo hapo, lakini mwisho wa siku zinajichanganya chumba kizima bila kupulizwa na mtu. Ndiyo difyusheni ile ya fomu wani. Gesi ikifika asilimia 2 hivi ya hewa ya chumba, cheche ndogo tu inatosha. Sasa mtu anawasha feni eti itoe harufu! Swichi ya feni ndiyo cheche yenyewe, hili tumelisema mpaka tumechoka.

Kwenye kimiminika difyusheni inaenda taratibu maelfu ya mara, molekuli zimebanana, ndio maana chai usiyoikoroga sukari inabaki chini. Kwenye vitu vigumu ni taratibu zaidi lakini ipo, na hapo ndipo watu wanapobisha. Kuna wanaofunga mpira wa kumwagilia bustani kwenye mtungi, wanakaza na waya. Plastiki ile ina kilainishi ndani, gesi inapenya kidogo kidogo na kukitoa, baada ya muda mpira unakakamaa na kupasuka palepale ulipokazwa, kwa macho unauona mzima. Nunua mpira wa gesi, paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanatoka funga regyuleta. Kiberiti sio kipimo (na wapo wanaopimia).

Mtungi nunua kwa mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), angalia lakiri haijaguswa, na upimwe kwenye mzani mbele yako: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, jumlisha kilo 6, au 15 kama ni mkubwa, mzani usome hivyo. Ukiwa pungufu usipokee, na risiti udai. Wale wanaohamisha gesi uani toka mtungi mkubwa kwenda mdogo wanatenda kosa, mahakamani wanafikishwa, na "sikujua sheria" sio utetezi.

Harufu nayo imewekwa makusudi, gesi yenyewe hainuki, na pua inazoea haraka, kwa hiyo usiseme imepungua ukarudi kulala. Usiwashe wala kuzima umeme wowote, funga mtungi kama unafikika, fungua milango, toa watu, wagongee majirani kwa mkono sio kengele, halafu piga 114, namba ya zimamoto, ukiwa nje kabisa. Ukipiga umesimama jikoni utaambiwa utoke kwanza.