Anga la Malindi kuelekea vuli: yasemwayo barazani na ukweli wake

Mwisho wa Agosti, upepo wa kusi ukianza kulegea na demani, msimu wa pepo tulivu kabla ya kaskazi, kuingia, maneno ya mvua hujaa kila baraza toka Mambrui mpaka Marafa. Siku hizo hizo ndipo ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, hutoa utabiri wa Oktoba hadi Desemba kwa nchi zetu, kisha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikatoa wake. Nimeona watu wakipoteza mbegu ilhali utabiri walikuwa nao. Waliusikia, lakini waliusikia vingine.

"Imenyesha Septemba, vuli imefunguka mapema." Hili ndilo linalotugharimu kuliko yote. Kusi linatoka baharini na unyevu wake, na hata katikati ya ukavu halikosi kumwaga. Alfajiri kiwingu kinapita, mabati yanapiga kelele dakika kumi, saa tatu jua limeshawaka. Toka uende shambani uchome kidole mchangani: kiungo cha kwanza kinatoka na matope, cha pili kinatoka na vumbi. Hiyo si vuli. Malindi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na jua la utosi hutupitia mwanzoni mwa Oktoba. Ukanda wa mvua hulifuata jua kwa nyuma, kwa hiyo mvua zetu za vuli kwa kawaida hushika mwishoni mwa Oktoba na Novemba. Ami yangu alipanda mahindi shamba zima kwa manyunyu matatu ya namna hiyo. Yalichipua, na kila mpita njia akayasifu. Yalipofika majani manne yakaanza kujisokota kila mchana, jioni yakifunguka, mpaka jioni moja hayakufunguka. Mvua yenyewe ilikuja baadaye, lakini mkebe wa mbegu ulikuwa mtupu na dukani bei imeshapanda.

"Walisema mvua nyingi, haikunyesha, wametudanganya." Hapa nitakawia kidogo, maana utabiri wa msimu haujapata kusema itanyesha. Chukua vuli 30 za nyuma, uzipange toka ile kavu kabisa mpaka ile ya mafuriko, kisha uzikate mafungu matatu ya kumi kumi. Fungu la kati ndilo wanaloliita kiasi cha wastani. Mtu asiyejua lolote angelipatia kila fungu nafasi 33 hivi kwa 100. Sasa tuseme ramani imekuja na rangi ya kijani, na kwenye maelezo yake uwezekano wa juu ya wastani ni 45, wa wastani 35, wa chini ya wastani 20. Katika vuli 100 zenye dalili hizo, 20 zitakuwa kavu, na utabiri hautakuwa umekosea hata moja. Mkulima anayejua hivyo hapandi mbegu zake zote mahindi. Anatenga sehemu ya pojo na kunde, zinazowahi kukomaa mvua ikikatika.

Kijani hicho wala hakisemi tarehe ya kuanza, wala kama mvua itapumzika wiki tatu katikati ya Novemba. Kwa hayo kuna utabiri wa mwezi, wa wiki na wa siku, unaorekebishwa kila mara, na wengi wetu hatuufuatilii tena tukishausikia ule wa msimu. Tena wastani wenyewe ni wa mahali. Mvua hupungua kadiri unavyoiacha pwani kwenda bara, kwa hiyo juu ya wastani ya Adu yaweza kuwa ukame kwa mtu wa Malindi mjini.

"Elinino ni mvua kubwa." Tumelizoea jina hilo toka mafuriko ya 1997, hadi mvua yoyote ya kubomoa choo tunaiita Elinino. Elinino ni joto la maji ya bahari ya Pasifiki, mbali sana na hapa. Linatugusa, naam, lakini bahari yetu wenyewe ina neno lake. Upande huu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko kawaida na upande wa Sumatra ukapoa, mawingu hujengeka kwetu. Mwaka 1997 mambo yote mawili yalikutana. Mwaka 2015 Pasifiki ilikuwa na Elinino kali mno, lakini vuli yetu haikufikia ile ya 1997. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na jambo la kutaja, ila Bahari ya Hindi ilichemka, na mvua ikanyesha hadi Januari. Anayeuliza habari za Elinino peke yake ameuliza nusu. Kwa sababu bahari hizi mbili zina uzito mkubwa Oktoba hadi Desemba, vuli hutabirika vizuri kuliko masika, jambo ambalo wengi barazani hulikataa katakata.

"Hesabu ya miongo ya wazee ni ushirikina." Sikubali. Mwaka ule wa Kiswahili una miongo 36, kila mwongo siku kumi, na siku 5 juu yake, na mabaharia na wakulima waliutumia kwa sababu unafuata jua, tofauti na miezi ya mwandamo. Kasoro yake ni moja: hauna siku ya nyongeza ya mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka 100 unateleza siku 24 hivi. Aliyerithi hesabu ya babu bila kuirekebisha atapanda siku ambayo jua halipo alipoliona babu.

"Anga jeupe, mto hauna neno." Wa Garashi na wote mnaolima kingo za Sabaki, hili ni lenu. Maji ya Sabaki hayategemei wingu la Malindi. Yanaanza na Athi kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi, yanapita Ukambani, yanaungana na Tsavo kuwa Galana, ndipo yatufikie. Nimesimama darajani mchana wa jua kali, vumbi limejaa barabarani, na chini yangu mto unapita na magogo, rangi ya chai ya maziwa, na bahari imeshageuka kahawia mpaka mbele ya mji. Tana nayo ni vivyo hivyo: maji yake mengi hutoka milimani, na Novemba 2023 njia ya Lamu ilikatwa na maji kule Gamba. Kwa hiyo Novemba ikiingia, sikiliza utabiri wa Nairobi na Machakos kabla ya wa Malindi. Ukisikia kumenyesha huko usiku kucha, mashine ya maji ipandishwe juu na mbuzi walazwe kwenye kichuguu jioni hiyo hiyo.