Mstaafu na bima ya afya ya serikali: maana yake kwa Mganda

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili, na habari za bima huvuka mpaka haraka kuliko magunia ya mahindi. Upande wa Kenya, mtu akikaribia kustaafu huulizwa kama ameshajiandikisha SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, mwezi Oktoba 2024. Shemeji yake wa upande wa Uganda, tuseme mwalimu au askari polisi anayekaribia miaka 60, naye huuliza: sisi tunajiandikishia wapi?

Hatujiandikishi popote. Uganda haina bima ya afya ya taifa. Tuna pensheni ya watumishi wa umma, tuna NSSF, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, na tuna hospitali za serikali zisizotoza ada. Wengi huvichanganya hivyo vitatu wakadhani wana bima, na mchanganyo huo huja kugharimu pale mshahara unapokoma.

Bima ya afya ya serikali ni mpango uliowekwa kwa sheria, ambao watu huuchangia kabla ya kuugua, kisha mfuko huo ndio unaoilipa hospitali mwanachama anapougua. Sheria inahitajika kwa sababu bila kulazimishwa, wenye afya hawachangii. Mfuko unakuwa wa wote ili fedha ya kijana wa miaka 25 asiyejua hata njia ya kwenda hospitali imtibu mzee wa miaka 70 mwenye presha, na kijana huyo akizeeka atibiwe na fedha ya watakaomfuata. Na kwa kuwa anayelipa ni mfuko, mgonjwa anakuwa na madai: jina lake limo daftarini, huduma anazostahili zimeorodheshwa, na hospitali isipomhudumia haipati malipo.

Sasa linganisha na tulicho nacho. Mwaka 2001 serikali ya Uganda iliondoa ada katika vituo vyake vya afya, isipokuwa wodi za kulipia zilizo ndani ya hospitali kubwa. Ulikuwa uamuzi mzuri na maskini wengi walianza kutibiwa. Lakini hiyo ni huduma inayogharamiwa na bajeti ya serikali, si bima. Tofauti huonekana kwenye dirisha la dawa. Ukiambiwa dawa ya presha imekwisha, hakuna mfuko unaoweza kuudai. Unapewa karatasi, unakwenda duka la dawa barabarani, unalipa mwenyewe. Kwa kijana mwenye malaria hilo ni usumbufu wa siku moja. Kwa mzee wa presha au kisukari, anayemeza vidonge kila siku hadi mwisho wa maisha yake, karatasi ile hurudi kila mwezi, na pensheni haiongezeki kwa sababu ya karatasi.

Kwa nini basi nchi zenye bima hii zinasisitiza sana umri wa kujiunga? Anayejua munno mukabi, vikundi vya majirani vya kuchangiana wakati wa msiba, ameshaelewa nusu ya jibu. Kila mwanakikundi hutoa mchango wake hata mwaka ambao kwake hakuna msiba, na hakuna kikundi kinachompokea mtu ambaye maiti imeshalazwa sebuleni. Akipokelewa huyo, wote watasubiri msiba ndipo wajiunge, na sanduku litakauka. Bima ya afya inaogopa kitu hichohicho: watu kungoja hadi wagonjwe ndipo walete mchango.

Wenye jamaa Boston huenda wamesikia habari za Medicare, bima ya wazee ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa kwa sheria ya 1965. Huko mtu anayefikisha miaka 65 ana miezi saba ya kujiandikisha kwa mara ya kwanza: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Anayechelewa bila kuwa na bima ya kazini inayokubalika huongezewa mchango wa sehemu B, ile inayolipia madaktari, kwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyochelewa, na nyongeza hiyo kwa kawaida haiondoki tena. Inaonekana kama ukali kwa wazee. Kazi yake ni kuzuia mtu mwenye afya asikae nje akisubiri moyo umsumbue.

Jambo la pili linalozitofautisha nchi ni nani anachangia baada ya kustaafu. Tanzania, kwa utaratibu ambao mfuko wao wa bima ya afya, nao ukiitwa NHIF, umeufuata kwa miaka mingi, mtumishi aliyechangia hadi kustaafu huendelea kutibiwa yeye na mwenzi wake bila kukatwa tena. Alishalipa alipokuwa na mshahara. Kenya ni tofauti. Sheria yao ya 2023 inakata asilimia 2.75 ya mshahara wa mwajiriwa, na asiye na mshahara hupimwa kipato cha kaya yake, akalipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Mimi naona njia ya Tanzania inamheshimu mzee zaidi, ingawa inaubebesha mfuko mzigo mkubwa kadiri wastaafu wanavyoongezeka.

Na kwa watu wa mpakani: sheria ya Kenya inamtaka pia mgeni anayeishi huko kwa zaidi ya miezi 12 ajiandikishe. Kulala Busia ya Uganda na kununua sukari ng'ambo hakukufanyi mkazi wa Kenya, na kutibiwa kwa jina la binamu ni udanganyifu hata kama karani ni mtu wa nyumbani.

Sisi tulifika karibu. Bunge la 10 lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa tarehe 31 Machi 2021. Mwajiriwa angekatwa asilimia 4 ya mshahara, mwajiri angeongeza asilimia 1, na aliyejiajiri, yaani bodaboda, mama wa sokoni, fundi, angetoa shilingi 100,000 za Uganda kwa mwaka. Waajiri walinung'unika kuhusu mzigo huo, kwani tayari hutoa asilimia 10 kwa NSSF. Rais hakutia saini, Bunge likamaliza muhula wake, na muswada ukabaki karatasi. Kwa hiyo mtu akikujia na fomu ya "bima ya wazee ya serikali" akitaka ada ya kujiandikisha, mfukuze.

NSSF yenyewe ni akiba. Mfanyakazi hutoa asilimia 5, mwajiri asilimia 10, na mtu huchukua fedha yake akifikisha miaka 55. Tangu marekebisho ya 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 mapema. Kilichomo ni chako peke yako, na ndiyo kasoro yake ikifika kwenye ugonjwa: hakuna mwingine anayekuchangia. Operesheni moja ya nyonga au miezi kadhaa ya kusafishwa figo inaweza kumaliza akiba ya miaka 20. Pensheni ya serikali pamoja na kiinua mgongo chake ina udhaifu uleule. Zile shilingi 25,000 kwa mwezi ambazo serikali huwapa wazee wa miaka 80 na zaidi ni msaada wa unga na sabuni.

Kinachobaki ni kujipanga mapema, na hapa miaka ya 50 ina thamani kuliko ya 60. Bima ya kazini kwa kawaida hukoma ajira inapokoma, na kampuni nyingi za binafsi zina umri ambao ukiupita hazikupokei kama mwanachama mpya, ingawa aliyekuwa ndani tangu zamani wanaweza kuendelea naye. Kabla barua ya kustaafu haijafika, muulize ofisa rasilimali watu bima inakwisha tarehe gani hasa, kisha iulize kampuni ya bima kama unaweza kuhamia mpango wa mtu binafsi bila kuhesabiwa mgeni. Ugonjwa ulio nao sasa watauhesabuje? Je, kuna muda wa kusubiri? Wana ukomo wa umri wa kuendelea? Majibu yawe kwa maandishi.

Vijijini kuna njia nyingine isiyosemwa sana. Hospitali ya Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, iliendesha bima ya jamii tangu 1996 kwa kutumia vikundi vya engozi, vile vya majirani waliokuwa wakibeba wagonjwa kwa machela. Kikundi kizima hujiunga, wazee na vijana pamoja, ndiyo maana mzee hakataliwi. Kama hospitali ya misheni iliyo karibu nawe ina mpango wa namna hiyo, uliza kwanza kikundi chako cha mtaa kimejiunga au la. Mara nyingi mtu mmoja mmoja hapokelewi.