Kitabu cha kusoma sicho kitabu cha kutunza: yanayosemwa kuhusu mafaili ya vitabu na ukweli wake

Mi nina steshenari ndogo Ngamiani hapa Tanga, kazi zangu zile zile za kila siku, fotokopi, kuchapa barua, kuskani vyeti. Mwezi uliopita kaja mzee mmoja wa mtaani, mwalimu mstaafu, ana flashi mbili mkononi na kikapu cha ukindu kimejaa vijitabu. "Mwanangu, nataka hivi vifike kwa wajukuu." Kwenye flashi kuna vitabu zaidi ya mia tatu, nusu yake vinaitwa DOC-2019 na namba namba na WA mwishoni, yani vimetoka magrupu ya WhatsApp na tangu vishushwe hakuna aliyevipa jina. Tumehangaika navyo wiki tatu, na kila aliyepita dukani alikuwa na ushauri wake. Mwingi ulikuwa potofu, na mwingine nilikuwa nauamini mimi mwenyewe mpaka juzi.

DHANA: "Weka vyote PDF basi, umemaliza"

Hii ndo nimeisikia kuliko zote. PDF ni nzuri, hilo sikatai, Adobe waliitoa 1993 na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO, maana yake maelezo ya jinsi faili linavyojengwa yako wazi na yeyote anaweza kutengeneza programu ya kulifungua. Lakini kusema "PDF" ni sawa na kusema "gari", bajaji gari na fuso gari. Kuna PDF isiyobeba fonti zake, inaazima za kompyuta iliyopo, ukiipeleka mashine nyingine herufi zinabadilika sura au zinatoka vibosi. Kuna yenye pasiwedi. Kuna ambayo ni picha tupu, ukitafuta neno hupati kitu.

Ya kutunzia ipo, inaitwa PDF/A, kiwango chake kilitoka 2005 na masharti yake makali: fonti zote ziwe ndani ya faili, pasiwedi marufuku, na faili lisitegemee kitu cha nje ili lisomeke. LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia) wanayo, Word wanayo, unapotoa PDF kuna kiboksi cha kutiki tu, wengi tunakipita miaka yote hatukioni. Ila usidanganyike, skani mbovu ukiifanya PDF/A inabaki skani mbovu, sema sasa ina cheti.

DHANA: "Ukishapata PDF ndogo, zile picha za skani futa, zinajaza nafasi"

Hapa ndo nataka nikae kidogo maana hapa ndo vitabu vinapofia.

Tupige hesabu kwanza. Ukurasa wa A4 wa rangi, nukta 300 kwa inchi, ukiutunza kwa TIFF, fomati ya picha, bila kuubana ni kama MB 26. Kitabu cha kurasa 200 kinakupa GB 5.2, flashi ya GB 64 inabeba vitabu kumi na mbili tu. Kwa hiyo namuelewa anayesema futa. Lakini kijitabu cha wino mweusi hakihitaji rangi, kiskani kijivu unashuka mpaka MB 9 hivi kwa ukurasa, na ukikifanya nyeusi na nyeupe tupu kwa ule mbano wa faksi unaoitwa Group 4 ukurasa mara nyingi haufiki hata KB 100, na mbano huo haupotezi kitu, ukifungua unapata nukta zile zile.

Shida ni ile mibano mingine. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, David Kriesel, aligundua skana za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu. Sizungumzii kufifia, nasema kubadilisha. Aliskani ramani ya nyumba, vyumba vitatu vyenye ukubwa tofauti vikatoka vyote vimeandikwa mita za mraba 14.13, na namba inasomeka safi kabisa, huwezi hata kushuku. Sababu ni mbano wa JBIG2: mashine inatafuta vialama vinavyofanana kwenye ukurasa, inahifadhi kimoja na kukibandika kila mahali, sasa ikikosea ikaona 6 ni 8 basi ndo imetoka. Fikiria kitabu cha historia chenye tarehe tarehe. Bila picha ya asili utajuaje?

Ndo maana siku hizi nasema faili la kusoma silo faili la kutunza. La kusoma liwe dogo, lipite kwenye bando, lifunguke kwenye simu ya laki moja. La kutunza ni ile skani ya kwanza, inakaa zake pembeni haiguswi na mtu, na siku la kusoma likiharibika au fomati yake ikipitwa unatengeneza lingine kutoka humo.

Kijana wa duka la jirani akasema sawa, kama ni hivyo zile JPEG za simu nizibadilishe ziwe TIFF ubora urudi. Bana, haurudi. JPEG inatupa baadhi ya taarifa ili iwe ndogo, na kila ukiihariri na kuisevu tena inatupa zaidi kidogo. Tui la pili hata ulihamishie kwenye chungu kipya halirudi kuwa tui la kwanza. Kama ulichonacho ni JPEG kutoka kwenye kamera, itunze hiyo hiyo ilivyotoka, usiizungushe. Na kama unamtumia mtu kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama picha inabanwa tena njiani.

DHANA: "EPUB ni ya kusomea kwenye simu tu, si kitu cha kuhifadhi"

Nilikuwa nasema hivi mimi, tena kwa sauti. Siku moja chukua kitabu cha EPUB kisicho na kufuli la kampuni, tengeneza kopi, ile kopi badilisha mwisho wa jina iwe .zip halafu ifungue. Utakuta folda, picha, na sura za kitabu zimeandikwa kwa lugha ile ile ya kurasa za intaneti, unaweza kuzisoma hata kwa programu ya kuandikia maelezo mafupi. Ni kifurushi tu, na sasa kinasimamiwa na W3C, wale wale wanaosimamia viwango vya wavuti. Kwa riwaya au mashairi yaliyochapwa kwenye kompyuta tangu mwanzo, mi naona EPUB inatunza vizuri kushinda PDF, maana inashika maneno na mpangilio wa sura, haishiki ukubwa wa karatasi. Kwa kitabu kilichoskaniwa hapana, huko ukurasa wenyewe ndo ushahidi.

DHANA: "Nimekinunua, kipo kwenye akaunti yangu, kitapotelea wapi"

Watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Microsoft walikuwa na fomati yao ya vitabu ya .lit, wakaiacha 2012. Baadaye wakafungua duka jingine la vitabu, nalo 2019 wakalifunga, vitabu vikaondoka kwenye mashine za wateja na watu wakarudishiwa hela. Hela imerudi, kitabu hakipo. MOBI nayo, fomati iliyokuwa ya Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, Amazon wenyewe wameshaachana nayo wakahamia nyingine. Faili lenye kufuli la kampuni linaishi kadiri kampuni inavyotaka liishi, na usiniulize jinsi ya kuvunja kufuli, hilo lina sheria zake. Mi nachosema ukipata nafasi ya kununua kisicho na kufuli, nunua hicho.

DHANA: "Txt haina shida, maandishi ni maandishi"

Karibu kweli. Project Gutenberg, mradi wa vitabu vya bure vya kompyuta, walianza 1971 na maandishi matupu, na fomati hiyo mpaka leo kompyuta yoyote inaifungua bila kuuliza. Ila sisi Waswahili tuna mtego wetu mdogo, ng' yenye kialama cha juu. Mzee alikuwa na hadithi moja ya txt, kila penye ng'ombe pameandikwa ngâ€™ombe, kila ng'ambo ni ngâ€™ambo, akadhani ni virusi. Kumbe ile alama iliyopinda iliandikwa kwa UTF-8, yani usimbaji wa kisasa, njia ya kompyuta kugeuza herufi kuwa namba, programu ikaisoma kwa usimbaji wa zamani wa Windows, alama moja ikatoka tatu. Ukifungua tena ukachagua UTF-8 inapona, lakini ukiisevu ikiwa imeharibika halafu ukaifungua vibaya tena, uchafu unazaa uchafu. Sevu UTF-8 siku zote.

Na usiamini sana maneno ambayo kompyuta imeyasoma kutoka kwenye picha. Tesseract, programu ya bure ya kazi hiyo, ina Kiswahili na kwa kitabu kilichochapwa vizuri inajitahidi sana, lakini mzee ana madaftari mawili ya mawaidha ya Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, ya mkono, huko ilitoa takataka tupu. Picha zibaki.

DHANA: "Ukichagua fomati sahihi umeshinda"

Hii fupi. Flashi ikifa inakufa na PDF/A zako zote. Upepo wa bahari huu wa Tanga unakula mpaka bawaba za mlango, sembuse kichwa cha flashi. Kopi tatu, zisikae nyumba moja, moja angalau iwe mbali (ya mzee iko kwa bintiye Korogwe). Na tumetengeneza orodha ya SHA-256, ni kama alama ya kidole ya kila faili, kila baada ya miezi kadhaa unaipiga tena, isipofanana ujue faili limebadilika au limeoza, chukua kutoka kopi nyingine kabla nayo haijafa.

Limebaki faili moja linatusumbua, kijitabu alichokipanga yeye mwenyewe zamani kwa PageMaker, mwisho wake .p65. Programu yenyewe haipo tena sokoni. LibreOffice imenitolea maneno, ila mpangilio umevurugika, beti zimepandana na vichwa vya habari vimehamia pembeni. Mzee akaingiza mkono kwenye kikapu akatoa nakala yake ya karatasi, mchwa wamekula kurasa tatu za mwisho. Hizo tatu zimo kwenye faili, na mpangilio wa zilizobaki umo kwenye karatasi. Jumamosi umeme ukiwepo tunaviunganisha.