Kioo cha mbele kimepigwa jiwe: kuziba au kubadilisha?

Dereva anayetoka Chalinze kuja Dar es Salaam nyuma ya malori ya kokoto za Lugoba anaijua sauti hiyo: "ta!", halafu doa jeupe limekaa kwenye kioo. Mara nyingi jiwe halikuanguka kutoka kwenye tela. Lilikuwa limelala barabarani, likarushwa na tairi za nyuma za lori. Kwa mwenye gari tofauti hiyo haimsaidii kitu. Kinachofuata ni swali ambalo sisi wakufunzi wa ufundi wa magari tunaulizwa kila mara: nizibe au nibadilishe?

Wengi wanauliza huku jibu wanalo. Kuziba wanakuona ubahili, kubadilisha ndiyo usalama. Sikubaliani nao. Kioo kilichokuja na gari kilibandikwa kiwandani, kwenye bodi mpya isiyo na kutu wala mkwaruzo. Ukishakitoa, ubandikaji ule haurudi wenyewe. Unategemea mkono wa fundi, gundi aliyonayo, na subira yako ya kuliacha gari lisimame. Doa dogo lililozibwa mapema, mahali panapofaa, ni salama kuliko kioo kipya kilichobandikwa kwa haraka chini ya mwembe. Upande wa pili, kuna nyufa ambazo hakuna fundi mwaminifu atakayekubali kuzigusa, na hizo nitazitaja.

Kioo cha mbele si kipande kimoja. Kwa kawaida ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja unene wa kama milimita mbili, na katikati yake utando wa plastiki laini usiofika milimita moja. Wazo la kuunganisha kioo na plastiki linatajwa kwa mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus, ambaye mwaka 1903 chupa yake ya maabara ilianguka, ikapasuka lakini vipande visitawanyike, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na utando wa kemikali uliokauka. Hataza aliipata mwaka 1909. Kwa hiyo jiwe likipiga leo, kinachovunjika kwa kawaida ni kioo cha nje peke yake. Plastiki na kioo cha ndani vinabaki vizima, na ni hapo tu ndipo kuziba kunapowezekana. Vioo vya milangoni na cha nyuma katika magari mengi ni vya aina nyingine, vilivyopashwa moto na kupozwa ghafla ili vikivunjika vimomonyoke kuwa punje. Hivyo havizibiki. Yapo magari ya zamani ambayo hata kioo chake cha mbele ni cha aina hiyo, ndiyo maana fundi makini huanza kwa kusoma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye kona.

Wenye magari husahau pia kwamba kioo hiki kinafanya kazi zaidi ya kuzuia upepo na mvua. Gari likipinduka, kinasaidia nguzo za mbele kuzuia paa lisibonyee. Na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria wa mbele hufumuka kuelekea juu, ukaegemea kioo, ndipo ukamgeukia abiria, yote hayo ndani ya muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Kioo kilichoshikwa na gundi dhaifu kitasukumwa nje, na mfuko utakosa pa kuegemea.

Sasa kagua. Unahitaji tochi, kitambaa safi na rula ya mtoto wa shule. Anza ndani ya gari: pitisha ukucha mahali palipopigwa, upande wa ndani. Ukihisi mkwaruzo au ufa, vioo vyote viwili vimevunjika. Usipoteze muda, badilisha. Kama ndani ni laini, toka nje upime.

Vipimo vinavyotusaidia ni vya wenzetu waliokwisha kuviandika. Uingereza, katika ukaguzi wa kila mwaka wa magari, eneo linaloangaliwa kwa ukali ni lile lililo mbele ya usukani, upana wa milimita 290, ndani ya sehemu inayofutwa na waipa. Doa linalozidi milimita 10 hapo linaliangusha gari kwenye ukaguzi. Kwingineko ndani ya eneo la waipa kikomo ni milimita 40. Usukani wao uko kulia kama wetu, kwa hiyo kipimo hicho unakihamisha jinsi kilivyo. Marekani nao wana kiwango kinachohusu kuziba kwenyewe: shimo la duara lisizidi kama milimita 25, lenye umbo la nyota lisizidi milimita 75, na ufa mrefu usizidi milimita 350. Hicho cha mwisho nakiona ni cha ujasiri. Mafundi wengi huishia kwenye ufa wa sentimita 15 hivi, na kwa barabara zenye matuta kama zetu nawaunga mkono.

Ukubwa, hata hivyo, si neno la mwisho. Mahali ndipo panapoamua. Ufa uliofika ukingoni, au ulio karibu nao kwa sentimita chache, unaelekea kwenye kubadilisha hata ukiwa mfupi, kwa sababu ukingo ndio ulioshikwa na bodi. Gari likipita kwenye shimo bodi inajinyonga kidogo, na mnyongo huo unaishia hapo. Mbele ya macho ya dereva sababu ni nyingine. Kuziba hakufuti doa, kunaacha kovu dogo. Mchana huwezi hata kuliona, lakini usiku, basi la mkoani linapokuja na taa zote zimewaka, kovu hilo linatawanya mwanga usoni mwako. Ndiyo maana doa la milimita 15 upande wa abiria nitaliziba bila wasiwasi, na la ukubwa huo huo mbele ya usukani nitamshauri mwenye gari abadilishe kioo. Mikwaruzo ya waipa iliyokauka na vijitundu vingi vya mchanga havizibwi kabisa. Kama taa za mbele zinageuka ukungu mbele yako kila usiku hata kioo kikiwa safi, kimechoka.

Kuziba kwenyewe ni kazi ya nusu saa au zaidi kidogo. Fundi anafunga kifaa chenye mipira ya kunyonya juu ya shimo, anatoa hewa na unyevu, kisha anasukuma ndani gundi maalumu ya majimaji, rezini, ambayo inapitisha mwanga karibu sawa na kioo. Weupe unaouona kwenye doa ni hewa iliyonaswa ndani. Rezini ikichukua nafasi ya hewa weupe unafifia. Baadaye anaigandisha kwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Jua nalo lina mionzi hiyo, na hapo ndipo kazi nyingi za pembeni mwa barabara zinapoharibika: gari limesimama juani saa saba mchana, kioo kinaunguza mkono, rezini inaganda kabla haijafika kwenye ncha za ufa. Ukimkuta fundi anayekuambia tusogee kivulini tusubiri kioo kipoe, kaa naye.

Rezini haiingii mahali palipokwisha kujaa vumbi, maji ya mvua au sabuni. Hii ndiyo sababu naona siku za mwanzo zina uzito kuliko ukubwa wa doa. Likipigwa leo, futa kwa kitambaa kikavu na ubandike kipande cha selotepu angavu upande wa nje, mbali na macho ya dereva, mpaka umfikie fundi. Hiyo inatosha. Usiweke supagluu. Usiweke dawa ya mswaki wala rangi ya kucha, ingawa video za mitandaoni zinaapa kwamba zinafanya kazi. Supagluu inaganda juu juu, haifiki ndani, na ikishakaa humo fundi hana njia ya kuitoa; doa lililokuwa la kuzibwa linageuka kioo cha kununuliwa. Usilipeleke gari kuoshwa kwa mashine ya presha, na kioo kilichokaa juani usikimwagie maji baridi wala kukipulizia kiyoyozi kwa nguvu zote. Upande mmoja ukisinyaa huku mwingine umetanuka, ufa unakimbia. Mtu analala na nyota ndogo, anaamka na mstari unaovuka kioo kizima, anasema umejiendea wenyewe.

Kama hukumu ni kubadilisha, basi sehemu ngumu ndiyo inaanza. Land Rover Defender za zamani, Land Cruiser za mkonga na malori mengi yana kioo kinachokaa kwenye mpira. Kazi yake ni ya nguvu na kamba, na fundi mzoefu ataimaliza vizuri. Magari madogo ya siku hizi, IST, Noah, Harrier na mengineyo, kioo kimebandikwa kwa gundi ya polyurethane. Nasisitiza polyurethane kwa sababu silikoni ya kuzibia madirisha ya nyumba bado inauzwa na kutumika kwenye gereji. Silikoni inazuia maji. Kioo haikishiki kwa nguvu inayotakiwa kwenye ajali. Muombe fundi akuonyeshe tyubu kabla hajaikata: jina la gundi, tarehe ya mwisho wa matumizi, na maelezo ya muda wa kusubiri kabla gari halijaendeshwa.

Muda huo ndio unaogombanisha watu. Gundi nyingine zinaruhusu gari kutoka baada ya saa moja, nyingine zinataka usiku mzima. Hugandishwa na unyevu wa hewani, kwa hiyo tyubu ileile inaweza kukawia zaidi Dodoma wakati wa kiangazi kuliko Tanga wakati wa masika. Fuata maandishi ya tyubu, usifuate haraka ya fundi anayetaka nafasi ya gari lingine. Siku ya kwanza acha dirisha moja wazi kidogo, maana mlango ukipigwa kwa nguvu vioo vyote vikiwa vimefungwa, hewa iliyobanwa ndani inasukuma kioo kibichi.

Simama uangalie kioo cha zamani kinavyotolewa, hata kama fundi hapendi. Kisu au waya ukichubua rangi ya bodi mpaka chuma kionekane, lazima pafutwe na kupakwa praima, rangi ya kwanza ya kukinga chuma, kabla ya gundi. Kwa magari ya Pwani na Zanzibar hili si la hiari: chumvi ya hewani inaanza kutu chini ya gundi, kutu inaachia, na miezi mingi baadaye maji yanavuja kwenye dashibodi bila mtu kukumbuka chanzo. Fundi mzuri pia haondoi gundi yote ya kiwandani. Anaacha utando mwembamba uliokatwa sawasawa, na gundi mpya inashikana nao vizuri kuliko na rangi tupu. Eneo la kubandikia halishikwi kwa vidole vyenye jasho au grisi.

Kuhusu kioo chenyewe, tafuta alama kwenye kona. Herufi E ndani ya duara pamoja na 43R ni uthibitisho wa kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. AS1 ni alama ya Marekani kwa kioo kinachofaa kukaa mbele. Kioo kisicho na alama yoyote kirudishe dukani, hata muuzaji wa vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, akuapie. Vioo vilivyotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani vinafaa tu kama ukingo wote ni mzima, kwa hiyo upitishe kidole mzunguko mzima kabla hujalipa. Chenye ukingo uliomeguka kitapasuka siku ya kubandikwa au wiki inayofuata.

Angalia pia nyuma ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma, kilicho ndani ya gari. Subaru Forester nyingi zinazoingia nchini zina kamera mbili pale juu, za mfumo wa EyeSight. Toyota za kuanzia mwaka 2015 zenye Toyota Safety Sense nazo zina kamera inayotazama kupitia kioo. Kioo kikibadilishwa kamera inapaswa kupangwa upya kwa kompyuta, maana ikielekea pembeni kidogo tu inasoma vibaya umbali wa gari la mbele, na gari linaweza kushika breki pasipo sababu au lisishike panapohitajika. Wenye vifaa vya kazi hiyo bado si wengi, kwa hiyo mtafute kabla kioo hakijatolewa. Kwa magari haya naipa kuziba uzito zaidi, ili mradi doa haliko mbele ya kamera yenyewe.

Bima ndogo haikulipii kioo chako. Bima kubwa mara nyingi inalipa, lakini ina kikomo chake kwa vioo, na inafaa kuuliza mambo mawili kabla ya kujaza fomu: je, kuziba kunalipwa bila mchango wako, na je, dai hili litagusa punguzo lako la ada ya bima ya mwaka ujao? Piga picha ya doa ukiwa na rula pembeni, na ya maandishi ya kona kabla kioo cha zamani hakijatoka. Risiti iandikwe aina ya kioo na jina la gundi, kwa kuwa kikianza kuvuja hiyo ndiyo karatasi utakayorudi nayo. Na kama kulikuwa na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, ulizia mapema namna ya kupata nyingine. Ile ya zamani ikibanduliwa inatoka vipande vipande, na trafiki wa kwanza utakayekutana naye ataiulizia.