Mamluki: neno lenye hukumu ndani yake

Wiki hii nimelisikia tena. Tulikuwa tunatazama picha za kijana aliyetekwa vitani, mbali sana na kwao, ameketi sakafuni huku akiamriwa kutaja jina lake na nchi aliyotoka mbele ya kamera. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala siku kadhaa. Mwenzangu, mtu mwema ninayemheshimu, akasema: "Huyo mamluki tu. Alijitakia." Kisha akaendelea na mambo yake.

Mimi sikuweza kuendelea na yangu. Neno hili limekuwa jepesi mno midomoni mwetu, na kila linapotamkwa linamaliza mazungumzo. Mtu akishaitwa mamluki, hakuna anayeuliza alifikaje pale.

Maana yake ya leo haina utata mkubwa: mamluki ni mtu anayekodiwa kwa fedha kupigana vita visivyo vya nchi yake. Tumeitanua pia. Timu ikichezesha kwa siri mchezaji asiye wake, huyo ni mamluki. Mtu akijipenyeza katika chama ili akivuruge kwa faida ya wengine, naye ni mamluki. Katika matumizi yote hayo kuna wazo moja limejificha, kwamba mtu huyu alikuwa na hiari, akapima, akachagua fedha. Wazo hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu neno lenyewe lilipozaliwa lilisema kinyume chake kabisa.

Tumelitoa katika Kiarabu, *mamluk*, na shina lake ndilo lililotupa miliki, milki na malkia. Si mali, kama wengi wanavyodhani. Mali ina shina lake jingine, na kufanana kwa sauti ni bahati tu. Kosa hilo si dogo, maana anayeamini kwamba mamluki limetoka kwenye mali huiona fedha ndani ya neno kabla hajatazama kitu kingine chochote.

Tazama umbo lake. Kiarabu kina namna yake ya kuunda jina la yule aliyetendewa jambo, na Kiswahili kimepokea majina ya namna hiyo mengi kiasi kwamba hatuyatambui tena. Majeruhi ni aliyejeruhiwa. Mahabusu ni aliyefungiwa. Marehemu ni aliyerehemewa. Na mamluki ni aliyemilikiwa. Yaweke manne hayo pamoja na utaona safari nzima ya kijana mmoja vitani, na yote ni majina ya mtu aliyefanyiwa jambo. Hakuna hata moja linalomtaja kama mtenda. Lakini tunapoyatamka, matatu tunayatamka kwa huruma, na moja kwa lawama.

Mamluki wa kwanza hawakuwa sitiari. Walikuwa wavulana walionunuliwa, wengi wao Waturuki wa Kipchak kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, na baadaye Wacherkesi kutoka Kaukazi. Walipelekwa Misri, wakasilimishwa, wakafundishwa kupanda farasi na kutumia upinde na mkuki. Kwa kawaida waliachwa huru mafunzo yalipokwisha, ila uhuru huo haukuwarudisha kwa mama zao. Walibaki wakimtumikia bwana aliyewanunua. Mwaka 1250 walitwaa utawala wenyewe, mwaka 1260 wakawashinda Wamongolia pale Ain Jalut, na wakatawala hadi Waosmani walipoitwaa Misri mwaka 1517. Baybars, mmoja wa makamanda wa Ain Jalut aliyekuja kuwa sultani, aliuzwa utumwani akiwa kijana. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kwa fahari, kwamba mtumwa alikalia kiti cha enzi, na ni kweli alikalia. Mimi huwafikiria wale walionunuliwa pamoja naye, ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Cha kushangaza ni kwamba Waarabu wenyewe leo hawamwiti mpiganaji wa kukodiwa *mamluk*. Wanamwita *murtaziq*, neno lenye shina moja na riziki yetu: mtu anayeisaka riziki. Lugha nyingi za Ulaya zimelichukua jina lake kutoka Kilatini *merces*, yaani ujira. Hata neno la kawaida la askari katika Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani limetokana na *solidus*, sarafu ya dhahabu ya Warumi. Askari wao, kwa asili ya neno, ni mtu anayelipwa. Basi mshahara peke yake haujawahi kumtenga askari na mamluki. Ni sisi tuliochukua jina la aliyemilikiwa tukalitwisha maana ya aliyejiuza. Maneno hubadilika, nami siombi turudi Misri ya karne ya 13. Ninachoomba ni kwamba, kwa kuwa tumelipa neno hili maana ya hiari, basi tuitafute hiari hiyo kwanza kabla ya kulitumia.

Sheria ya kimataifa inaitafuta. Ibara ya 47 ya Itifaki ya Nyongeza ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, imeweka masharti sita, na yote lazima yatimie kwa pamoja. Mtu awe ameajiriwa mahususi ili apigane katika vita hivyo. Awe kweli anapigana. Msukumo wake mkuu uwe faida yake binafsi, naye awe ameahidiwa malipo yanayozidi kwa kiasi kikubwa yale ya wanajeshi wa cheo chake. Asiwe raia wala mkazi wa upande wowote unaopigana. Asiwe mwanajeshi wa jeshi la upande wowote. Na asiwe ametumwa kikazi na nchi nyingine kama mwanajeshi wake. Likikosekana moja, si mamluki. Kwa kipimo hicho mgeni aliye katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa, lililoundwa mwaka 1831, si mamluki. Mgurkha wa Nepal aliye katika jeshi la Uingereza si mamluki. Mrusi aliyepigana Ukraine chini ya Wagner, kundi la Kirusi la wapiganaji wa kulipwa tunalolitolea mfano kila siku, hapo naye si mamluki kisheria, kwa kuwa ni raia wa nchi inayopigana.

Najua hili linaonekana kama ubishi wa mawakili. Lakini anayethibitika kuwa mamluki hana haki ya kuhesabiwa mpiganaji halali wala mateka wa vita. Mateka wa vita haadhibiwi kwa sababu tu alibeba silaha. Mamluki anaweza kushtakiwa kwa hilo. Juni 2022, mahakama ya waliojitenga na Ukraine huko Donetsk, wakiungwa mkono na Urusi, iliwahukumu kifo Waingereza wawili na Mmoroko mmoja kwa umamluki, ilhali wote walikuwa wanajeshi wa jeshi la Ukraine. Waliachiwa Septemba mwaka huo katika kubadilishana mateka. Neno moja lilikuwa karibu kuwaua.

Siwatetei mamluki wa kweli. Afrika imewaona. Bob Denard, Mfaransa, alihusika katika kuipindua serikali ya Komoro zaidi ya mara moja, na alikuwa bado anajaribu mwaka 1995. Mike Hoare, mamluki mwingine aliyepigana Kongo miaka ya 1960, aliingia Ushelisheli mwaka 1981 na watu wake wakijifanya watalii. Mwaka 1976 Angola iliwafikisha 13 mahakamani mjini Luanda na wanne wakapigwa risasi. Mwaka uliofuata nchi za Afrika zilipitisha mkataba wao wa kukomesha umamluki mjini Libreville. Hasira iliyomo katika neno hili ina asili yake, na ni hasira ya haki. Shida ni pale tunapoichukua hasira tuliyokuwa nayo kwa Denard tukamtupia mtoto wa mtu aliyeambiwa anakwenda kupika.

Maana ndivyo ilivyo kwa wengi. Katika vita vya Ukraine, vijana kutoka Nepal, India, Sri Lanka na nchi kadhaa za Afrika wamesimulia kwamba waliahidiwa kazi Urusi, za udereva, ulinzi, usaidizi jikoni, kisha wakajikuta na sare na bunduki. Januari 2024 Nepal ilisimamisha vibali vya raia wake kwenda kufanya kazi Urusi na Ukraine. India nayo ililifikisha suala la raia wake kwa viongozi wa Urusi mwaka huo huo. Mpime kijana kama huyo kwa masharti yale sita. Kama alisajiliwa katika jeshi la Urusi, ni mwanajeshi wa upande unaopigana, basi tayari ametoka. Kama aliajiriwa kuosha sufuria, sharti la kwanza nalo limeanguka. Anachobaki nacho ni maana ile ya zamani ya neno: kuna mtu anamshika, na hawezi kuondoka.

Hapa kuna tofauti nyingine ambayo habari zetu huifuta kila siku: kujiandikisha na kuandikishwa. Kiswahili kimetupa silabi moja, *ji*, ya kubeba hiari yote ya mtu, nasi tunaiweka au kuiondoa bila kufikiri. "Amejiunga na jeshi" huandikwa kuhusu aliyekwenda mwenyewe, aliyeitwa kwa sheria akijua kukataa ni jela, na aliyechukuliwa barabarani. Mei 2023 mkuu wa Wagner, Yevgeny Prigozhin, alisema alikuwa ameandikisha wafungwa wapatao 50,000 na kwamba karibu asilimia 20 yao walikufa. Waliahidiwa msamaha baada ya miezi sita vitani. Walikubali, ndiyo. Lakini kukubali kwa mtu aliye nyuma ya nondo, mwenye kifungo cha miaka mingi mbele yake, si kitu kile kile na kukubali kwa mtu aliye huru kwenda zake, na si haki tuviite kwa jina moja.

Kisha kuna yanayofuata baada ya kuingia. Hata aliyejiandikisha kwa moyo wake wote hupewa hiari hiyo mara moja tu, mlangoni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama utoro na woga. Walisamehewa mwaka 2006, wakiwa marehemu kwa karibu miaka 90.

Sisemi kwamba askari hana hiari kabisa. Kanuni za Nuremberg, zilizotokana na kesi za viongozi wa Kinazi na kuandikwa mwaka 1950, zinasema amri ya mkubwa haimwondolei mtu wajibu, mradi uchaguzi wa kimaadili uliwezekana kwake kweli. Sharti hilo la mwishoni limewasumbua hata majaji. Dražen Erdemović, askari aliyeshiriki kuwapiga risasi wanaume wa Srebrenica, Bosnia, mwaka 1995, alieleza kwamba alipokataa aliambiwa akasimame mstarini pamoja nao. Mwaka 1997 majaji wa rufaa wa mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa vita vya Yugoslavia ya zamani waligawanyika, watatu kwa wawili, wakaamua kwamba kulazimishwa hakumwondolei kabisa hatia mtu aliyeua wasio na hatia. Kunaweza tu kumpunguzia adhabu. Mwaka 1998 alipewa miaka mitano. Nimeufikiria uamuzi huo mara nyingi, na kila mara naona uzito wa pande zote mbili. Majaji watano, wenye ushahidi wote mezani, hawakukubaliana hiari ya mtu mmoja iliishia wapi. Sisi tunaimaliza kwa neno moja, kwa picha ya sekunde 40.

Na hasara ya neno hilo haimwangukii aliyetekwa peke yake. Serikali ya kwao hupata sababu ya kutomdai, kwa kuwa "alikwenda mwenyewe". Waliomtuma hawaulizwi. Majirani hawajui kama waende kutoa pole au wanyamaze. Kuna mama anayesubiri mwili ambao hakuna ofisi inayokiri kuwa nao, na kabla hajaupata ameshasikia mwanawe akiitwa kwa jina la watu waliopindua serikali kwa mshahara.

Jioni ile nilimrudia mwenzangu. Sikumwambia kwamba kijana yule hana kosa, maana simjui. Huenda kweli alikwenda kuua kwa fedha. Nilimwomba tu, kwa sasa, amwite mpiganaji wa kigeni, au mateka, ambalo ni neno letu wenyewe na linatosha kabisa. Lile jingine aliweke kando mpaka tutakapojua aliahidiwa kazi gani, karatasi aliyoisaini iliandikwa kwa lugha gani, na pasi yake ya kusafiria ilikuwa mikononi mwa nani.